Picha ya Mzee Haipigwi Pasi



Ukurasa huu umezoea kushughulika na masomo ya watoto, barua za shule na Kiswahili chetu kinachochakaa midomoni mwa vijana. Mwezi huu naomba ruhusa kuuazima kwa jambo jingine, kwani limebisha hodi katika nyumba zaidi ya moja hapa Mayfair na Fordsburg, na aliyeliuliza kwanza hakuwa mwanafunzi bali mama wa makamo aliyekuja na picha mbili mkononi, machozi yakimlengalenga.

Picha ya kwanza ilikuwa ya marehemu babake, iliyopigwa studio huko Unguja katika miaka ya 1960. Ni karatasi ndogo, nyeusi na nyeupe, iliyopasuka pembeni, yenye doa la maji linaloanzia begani na kupanda hadi shavuni. Ya pili ilikuwa picha hiyo hiyo baada ya kutengenezwa kwa kompyuta katika duka moja la mjini. Mpasuko umekwisha, doa limekwisha, na mzee amevikwa rangi. Lakini uso wake umekuwa kama sahani ya kaure. Kanzu haina mkunjo hata mmoja. Kofia ya viua, ambayo mshonaji huikalia kwa sindano miezi kadhaa, imegeuka kitu cheupe mfano wa bakuli lililofudikizwa kichwani. Na pale katikati ya paji la uso, mahali ambapo mzee yule alikuwa na sugu ya kusujudu aliyoipata kwa umri mzima wa sala, fundi ameona weusi, akadhani ni uchafu wa karatasi, akaufuta.

Kaka yake mama huyu aliipenda picha ya pili. Ni safi, na itapendeza katika fremu siku ya arusi ya kijana wao. Dada mtu aliikataa katakata, akishikilia kuwa aliyemo mle ni mtu mwingine aliyefanana na baba. Wakati huo nusu ya ukoo, walioko Maskati na Mombasa, walikwisha kuipokea ile safi katika simu zao. Wajukuu waliozaliwa hapa hawakumdiriki mzee, hivyo hawana njia ya kujua tofauti: watakachoonyeshwa ndicho kitakachokuwa babu yao. Nikaombwa niamue baina ya ndugu wawili. Uamuzi nitautaja, ila kwanza inafaa tuelewe ni nini hasa kilichoondolewa katika picha ile, na kama kinaweza kurudishwa.

Kila kitu duniani kina ngozi yake. Ukuta wa mawe uliopigwa chokaa una vidutu na mabonde; mkeka una chane zilizopishana; mlango wa mvule una nyuzi za mti ulivyokua; marekani na hariri zote zaweza kuwa nguo nyeupe, na hakuna bibi wa pwani atakayezikosea hata akiwa upande wa pili wa chumba. Jicho halihitaji kugusa ili lijue. Linasoma vivuli vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, ambavyo kila kidutu hukitupa pembeni mwake, na kutokana na hivyo linapata habari kwamba hiki ni kikavu, hiki kimelowa, hiki ni kizee, hiki ni kipya. Ukiviondoa vivuli hivyo, kitu hubakia na umbo na rangi lakini hupoteza uhai. Mnaoushika ukurasa huu mkononi mnalijua jambo hili bila ya kuambiwa: tazameni picha zinazotoka katika mashine yetu ya fotokopi. Kijivu chote kimegeuka ama cheusi ama cheupe, na viongozi wetu wa jumuiya, wanaume kwa wanawake, wote wanafanana na mihuri ya posta.

Kompyuta inapoambiwa ilainishe uso hufanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la saba aiweza. Hutazama nukta moja ya picha, ikazikusanya zile zinazoizunguka, ikatafuta wastani, kisha ikaiandika hiyo wastani mahali pa nukta ya awali. Halafu huenda kwenye nukta ifuatayo. Wastani, kama nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi wangu wa hesabu, ni namba nzuri ya kueleza kundi na namba mbaya ya kumweleza mtu mmoja. Tundu la ngozi ni tofauti ndogo baina ya nukta na jirani zake. Unyoya mweupe katika ndevu ni tofauti ndogo. Uzi wa kofia ni tofauti ndogo. Tofauti zote hizo humezwa na wastani, nao uso hutoka umepigwa pasi.

Asidhani mtu kwamba kompyuta ndiyo iliyotuletea mambo ya kupamba picha. Pwani yetu imeyajua tangu zamani. Wapiga picha wa Kigoa, kama A. C. Gomes, walikuwa na studio Unguja tangu karne ya 19. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930 katika mji huo huo, na mwanawe Rohit akaja kuirithi kazi. N. V. Parekh alifungua yake Mombasa mwaka 1942, na wazazi wengi wanaousoma ukurasa huu walipelekwa na wazazi wao katika studio za namna hiyo wakiwa wamepakwa mafuta na kuvishwa nguo za Idi. Fundi wa zama zile alikuwa na penseli iliyochongwa kali kama sindano. Mkunjo ambao ni mweusi kwenye picha huwa mwangavu kwenye negativu. Basi aliujaza kwa penseli, kidogo kidogo, nao ukapungua ukali picha iliposafishwa. Alikuwa pia na brashi nyembamba ya kutia rangi midomoni na kwenye nguo. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikwenda mbali zaidi: kwa mkasi na kwa ujuzi wa chumba cha giza aliunganisha sura za watu na mandhari ambazo hazikuwahi kukutana nazo, akatoa picha za kustaajabisha miaka mingi kabla ya kompyuta kufika kisiwani.

Tofauti ni kwamba zamani mteja alikuwapo. Alilijua pazia lililochorwa kuwa ni pazia, alichagua mwenyewe rangi ya kitambaa, na kama fundi angemfutia alama ya usoni angeigundua siku hiyo hiyo na kudai fedha zake. Mzee wa mama yetu hayuko wa kudai. Isitoshe, mkono wa binadamu huchoka, kwa hiyo fundi wa penseli aligusa palipomlazimu akapaacha pengine pote. Mashine haichoki, nayo hupita uso mzima kwa sekunde moja.

Ajabu ni kwamba wataalamu wa kompyuta wenyewe walihangaika kwa miaka mingi na tatizo lililo kinyume cha hili. Shida yao haikuwa kuondoa ngozi ya vitu bali kuitia, kwani picha zilizochorwa na kompyuta zilitoka laini kupita kiasi. Mwaka 1974 Edwin Catmull, akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Utah, alionyesha jinsi ya kuchukua picha bapa na kuivika juu ya umbo lililochorwa na kompyuta, mfano wa karatasi ya maua inayobandikwa juu ya mtungi. Mwaka 1978 James Blinn akaonyesha kwamba si lazima umbo liwe na mabonde ya kweli. Yatosha kuibadilisha kidogo hesabu ya mwanga, nalo jicho litaona mabonde. Ken Perlin, aliyekuwa miongoni mwa waliofanya kazi ya filamu ya Tron iliyotoka mwaka 1982, alichoshwa na usafi ule wa mashine. Alibuni hesabu aliyoiita kelele, ambayo ni bahati nasibu iliyotiwa adabu: hairudii, lakini pia hairukiruki ovyo, kama vile mawingu yasivyofanana na bado yote ni mawingu. Aliichapisha mwaka 1985, na mwaka 1997 taasisi ya Marekani inayotoa Oscar ikamtunukia tuzo ya ufundi kwa ajili yake. Moshi, marumaru, kutu na mawimbi mengi tuliyoyaona katika filamu baada ya hapo yana mkono wa hesabu hiyo.

Kwa wapiga picha wa kawaida mlango ulifunguliwa na Photoshop, programu ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ambayo kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1990. Mwaka 1994 ikaongezewa tabaka, yaani uwezo wa kuweka picha juu ya picha kama karatasi za kuangaza, ukarekebisha moja bila ya kuigusa nyingine. Kazi yote ninayoieleza hapa chini inategemea tabaka hizo.

Tuchukue mfano. Nyuma ya mzee palikuwa na ukuta wa chokaa, na doa la maji limekula sehemu yake. Fundi hodari hapaki rangi ya kijivu mahali pale. Anatafuta ukuta mwingine wa chokaa, anaupiga picha, na kuiweka picha hiyo tabaka la juu. Sasa tabaka mbili zinachanganywaje? Njia moja ni kuzidisha. Nyeupe huhesabiwa kuwa 1, nyeusi 0, na kijivu cha katikati nusu. Nusu mara nusu ni robo, kwa hiyo kijivu juu ya kijivu hutoa giza zaidi. 1 mara namba yoyote haibadilishi kitu, kwa hiyo nyeupe ya tabaka la juu haionekani kabisa. Njia hii yafaa kwa nyufa na vivuli. Njia ya pili hukichukua kijivu cha katikati kuwa ni kimya: kilicho cheupe kuliko hicho huangaza kilicho chini yake, kilicho cheusi zaidi hukitia giza, na kijivu chenyewe hakisemi neno. Kwa njia hii vidutu vya ukuta hupanda na mabonde yake hushuka, na rangi ya awali ya picha hukaa pale pale.

Hesabu hiyo hujifunzwa kwa alasiri moja. Macho ya kuitumia huchukua muda. Mwanga wa studio ukiwa umetoka kushoto, kila kidutu kina upande wa kushoto unaong'aa na kivuli upande wa kulia. Ukileta ukuta ulioangazwa kutoka kulia, mtazamaji ataviona vidutu vimekuwa mashimo, naye hatajua kwa nini picha inamkera. Kisha kuna kipimo. Kwenye picha ya mtu mzima aliyesimama, tangu kichwa hadi miguu, kwenye karatasi yenye ukubwa wa kiganja, nyuzi za kanga hazionekani hata kwa aliyekuwa na macho ya kozi. Fundi anayezitia ili nguo iwe na uhai humvisha bibi wa watu gunia. Na palipofifia kwa sababu lenzi haikulengwa hapo, pasitiwe ukali. Ukuta wa nyuma ukiwa mkali kuliko kope za mwenyewe, mzee huonekana kama aliyekatwa kwa mkasi na kubandikwa.

Nguo ndiyo mtihani mkubwa. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na mambo yote hayo hupinda nguo inapopinda. Ukiulaza mchoro wa maua juu ya bega kama unavyolala mezani, bega hutoweka. Programu kubwa zina dawa yake: huutazama weupe na weusi wa mikunjo iliyo chini, zikautumia kama amri ya kuusukuma mchoro ulio juu. Palipo peupe mchoro husogea upande mmoja, penye giza husogea upande wa pili, na penye kijivu cha katikati hukaa ulipo. Matokeo yake ni kwamba ua lililo juu ya mkunjo hukatika na kuungana tena kama lifanyavyo kweli. Nimeona kijana wetu mmoja akifanya kazi hii kwa saa tatu juu ya bega moja, na sina shaka kwamba saa zile alizitumia vizuri kuliko nyingi anazozitumia mbele ya kioo hicho hicho.

Juu ya yote hayo kuna ngozi ya picha yenyewe. Filamu ya zamani si uso mtupu; ina chembechembe za fedha, nazo huonekana zaidi katika vijivu vya katikati kuliko katika weusi wenyewe au weupe wenyewe. Kiraka kisicho na chembechembe huelea juu ya picha kama mafuta juu ya maji. Kwa hiyo, baada ya kumaliza kila kitu, fundi hunyunyiza kelele kidogo juu ya kiraka mpaka kilingane na jirani zake. Hatua hii huchukua dakika moja, na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Nimekaa muda mrefu kwenye kuta na nguo kwa makusudi. Ukuta ni ukuta. Hakuna mtoto atakayekua bila ya asili kwa sababu kidutu cha chokaa kimewekwa mahali ambapo hakikuwapo. Uso ni jambo jingine, na hasa uso wetu sisi.

Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zilizobeba sura ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi mtambo ulihesabiwa kuwa mzima. Ngozi nyeusi zilitoka kama zilivyotoka: meno na macho yanang'aa, na baina yake giza lisilo na umbo. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada, ameeleza katika maandishi yake ya mwaka 2009 kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyoifanya kampuni ishughulikie rangi za hudhurungi yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliokasirika kuwa mbao zao za aina mbalimbali zilitoka zote sawa. Msomaji na alitafakari hilo mwenyewe; nyuzi za meza zilipata wakili mapema kuliko mashavu ya mama zetu.

Katika nchi hii tunamoishi mambo yalikuwa mazito zaidi. Vifaa vya Polaroid vilitumika kupiga picha za vile vitabu vya pasi ambavyo Waafrika walilazimishwa kuvibeba. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianzisha harakati ya kuipinga biashara hiyo, na mwaka 1977 kampuni ikajitoa Afrika Kusini. Mwaka 2013 Adam Broomberg na Oliver Chanarin walionyesha hapa Johannesburg, katika Goodman Gallery, kazi waliyoifanya kwa kuchunguza kamera ya Polaroid iitwayo ID-2, ambayo ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya mwanga wa kumulika.

Mtu atasema hayo yamepita. Juni 2020 programu iitwayo PULSE, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, ilipewa picha ya Barack Obama iliyofifizwa hadi kuwa viraka. Kazi ya programu hiyo ni kuchukua uso uliofifia na kutoa uso mkali, wenye vinyweleo na matundu ya ngozi. Ilitoa uso mkali, wenye ngozi ya kuaminika kabisa, wa mzungu. Mwana wa mtu wa Kenya, tena mmoja wa watu wanaojulikana zaidi duniani, alibadilishwa kabila kwa sababu mashine haikurudisha kilichokuwapo. Haiwezi. Kilichopotea kimepotea, inachofanya ni kuchota katika nyuso ilizofundishwa na kutoa ule unaoelekea kufaa. Ikiwa Obama amefanyiwa hivyo, mzee wa Malindi Unguja ambaye dunia nzima ina picha yake moja atasalimika vipi?

Siku hizi programu za namna hii zimo katika simu za watoto wetu. Hazilainishi tena peke yake. Zinalainisha kisha zinatia ngozi mpya, matundu kwa makunyanzi, na kwa kuwa ngozi hiyo ni nzuri, yenye mwanga sahihi na chembechembe zake, hakuna atakayeishuku. Uso wa kaure wa duka lile angalau ulijitangaza wenyewe kuwa ni bandia. Huu mwingine hausemi kitu. Kwa maoni yangu huo ndio wa kuogopwa zaidi.

Basi uamuzi wangu kwa ndugu wale wawili ulikuwa huu. Ukuta ujazwe, kanzu ijazwe, pembe iliyopasuka iungwe. Kofia irudishiwe viua kwa kunakili upande wake uliosalimika, maana upande huo upo na ni wa kofia ile ile. Usoni, doa lipunguzwe giza kwa kadiri ngozi iliyo chini yake inavyoonekana, na pale isipoonekana paachwe pamefifia. Sugu irudi. Lisitiwe shavuni jambo lolote ambalo karatasi haikulihifadhi au mtu aliyemjua mzee hakulishuhudia. Kwa hilo la mwisho tulimpigia simu shangazi yao aliyeko Unguja, mwenye umri wa miaka themanini na zaidi, naye alitueleza mambo mawili kuhusu ndevu za kaka yake ambayo hakuna kompyuta ingeyabuni. Kaka mtu aliona kwamba picha itabaki na kiwingu shavuni siku ya arusi. Ni kweli, itabaki nacho. Alikubali kwa shingo upande, na waliopelekewa ile ya kaure wakapelekewa hii pamoja na maelezo.

Najua wako wasomaji watakaoniuliza kuhusu hukumu ya picha zenyewe na kuzitundika ukutani. Jambo hilo lina wenyewe, nao wamelizungumza sana. Nawaachia masheikh wetu. Mimi nasema na wale ambao picha wanazo sandukuni.

Neno moja juu ya maandishi. Akina mama wengi wa pwani walipiga picha wakiwa wamevaa kanga, na jina la kanga lilichaguliwa kwa maana yake. Pengine lilikuwa ujumbe kwa jirani, pengine kwa mke mwenza. Kama nusu ya jina imeliwa na mchwa, programu za kujaza zitaandika kitu kinachofanana na herufi na kisicho neno la lugha yoyote, au mbaya zaidi, litakuwa neno. Maandishi yaliyokatika yaachwe yamekatika. Afadhali mjukuu aulize lililokuwa limeandikwa kuliko kusoma maneno ambayo bibi yake hakuyasema.

Wanaotaka kuanza kazi hii nyumbani wasinunue kitu kwanza. Ipo programu ya bure iitwayo GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa kwa umma mwaka 1996. Ina tabaka, ina kuzidisha, ina kusukuma mchoro kwa mikunjo, na ina muhuri wa kunakili wa kuchukua mahali pazima na kupapachika palipoharibika. Picha isipigwe kwa simu juu ya meza ya jikoni. Iwekwe kwenye skana, nukta 600 kwa inchi, na kama ni ndogo ya pasipoti, 1200. Ihifadhiwe katika TIFF. Ile JPEG iliyozoeleka huigawanya picha katika miraba ya nukta 8 kwa 8 na kutupa tofauti ndogo ndogo ndani ya kila mraba ili faili iwe nyepesi, na sisi tumekwisha kuona kwamba tofauti ndogo ndogo ndizo mali yenyewe.

Baadhi ya picha za rangi za miaka ya 1970 zilichapwa kwenye karatasi yenye vipele mfano wa hariri au sega la nyuki. Taa ya skana hutoka upande mmoja tu, hivyo kila kipele hutupa kivuli na uso mzima wa shangazi huonekana umetoka surua. Msikimbilie kulainisha. Ichukueni picha mara moja, igeuzeni kichwa chini miguu juu, ichukueni tena, kisha mzigeuze na kuzilinganisha mbili hizo katika tabaka na kuchukua wastani wake. Vivuli vya vipele, vikiwa vimetoka pande mbili zinazokabiliana, hupungua sana, ilhali uso wenyewe, uliomo katika zote mbili, hubaki. Hapa wastani hutusaidia kwa sababu tunajua hasa tunachokifuta.

Na ile karatasi ya asili isitupwe baada ya kutengenezwa nakala, hata ikiwa imeliwa nusu. Iwekwe katika bahasha ya karatasi, si ya plastiki, mbali na joto la jiko na dirisha. Nyuma yake yaandikwe majina ya waliomo, mji, mwaka kama unajulikana, na jina la aliyeeleza habari hizo. Mwandike kwa penseli laini na mkono mwepesi, kwani wino hupenya na kutokea upande wa pili, aghalabu usoni.